Mheshimiwa na Wenzake

Ngazi za mahakama Mama Masjala alizipanda kwa makalio. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa akiupa mgongo upande wa juu, akaweka viganja nyuma yake, akajisukuma. Makalio yakishatua ngazi inayofuata, aliivuta miguu yake, kisha magongo, kisha mkoba. Halafu tena. Kiunoni alijifunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi alichokishona mwenyewe, maana saruji ile ilikwisha kumtobolea sketi za kutosha tangu kesi ianze.

Watu walimruka. Mawakili waliobeba majoho mkononi, makarani wenye vikombe vya chai, askari na mshtakiwa wake waliofungwa pingu moja. Waungwana walisema “pole, Mama” mguu mmoja ukiwa umeshampita kichwani. Wengine hawakusema kitu. Lifti ilikuwapo, mlangoni imetundikwa kibao cha MBOVU kilichoandikwa kwa rangi nzuri ya mafuta, na aliyekiandika hakuonekana kuwa na nia ya kukitoa.

Siku hiyo hakuwachukia. Chuki yake yote alikuwa amemtunzia mtu mmoja, na mtu huyo leo angesimama kizimbani.

Mama Masjala aliitwa hivyo kwa sababu ujana wake wote aliumalizia masjala, kwenye chumba cha mafaili cha idara moja ya serikali, chumba cha chini, mlango wa kwanza ukiingia. Polio ilimchukua miguu akiwa mtoto lakini kazi haikumshinda hata siku moja. Kisha akaja Mkurugenzi mpya na Waraka wake wa Ufanisi. Waraka ulisema kila mtumishi awe na uwezo wa kufika kituo chake cha kazi kwa wakati bila kusaidiwa. Wiki hiyohiyo masjala ikahamishiwa juu, ati mafaili yasipatwe na unyevu.

Kila mmoja alitafutiwa ngazi yake. Mchapaji, ambaye masikio yake yaliliwa na mashine za kiwanda cha uchapaji cha serikali yenyewe, aliambiwa kuanzia sasa maagizo yatatolewa kwa simu. Mzee Simu, kipofu aliyewaunganishia wakubwa simu zao tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliletewa mashine ya kioo kitupu isiyo na kitufe hata kimoja cha kupapasa. Dereva alikuwa ameuacha mguu wake chini ya gari la serikali, safarini kwa kazi ya serikali. Yeye aliambiwa aendeshe. Wote walifeli. Wote wakastaafishwa kwa manufaa ya umma, na huo umma haukuwahi kujitokeza kueleza ulinufaika nini.

Mama Masjala yeye alifanyiwa jaribio na Mkurugenzi mwenyewe. Alisimama juu ya ngazi, saa mkononi, akawaita watumishi watoke vyumbani wawe mashahidi. Alisema atampa muda anaotumia mtu mzima wa afya, na kwa huruma atamwongezea kidogo. Mama Masjala aliomba kwanza aende kujisaidia.

“Choo kiko juu, Mama,” Mkurugenzi alisema. “Ukifika kazini utakuwa umefika na chooni.”

Watu walicheka. Watu aliokula nao chakula cha mchana, aliowachangia misiba na harusi. Alijisukuma juu mbele ya macho yao, na katikati ya safari mwili ukamshinda. Alifika sketi imelowa na ngazi nyuma yake zimelowa. Mkurugenzi aliangalia saa, akaangalia ngazi, akamgeukia tarishi.

“Lete tambara.”

Basi. Akaingia ofisini kwake kuandika kwamba amefeli.

Habari hiyo hakumwambia mtu, hata binti yake wa kumzaa aliyekuwa akimfulia. Aliitoa mara moja tu, katika kiapo chake cha mahakamani, na wakili wao, msichana wa umri wa binti yake, aliiandika bila kuinua macho. Kesi nzima ilikuwa ya watumishi wote waliofukuzwa kwa Waraka ule, lakini ilibeba jina lake: yeye na wenzake dhidi ya serikali. Na kwa siri ya moyo wake haikuwa kesi ya mafao wala ya kurudishwa kazini. Alitaka kiapo kile kisomwe kwa sauti mbele ya Mkurugenzi, mbele ya mkewe na ya waandishi wa habari, kisha wakili amuulize: ulisimama wapi? Alitaka amwone akitafuta pa kuficha uso. Baada ya hapo serikali ingeweza kufanya itakavyo.

Kesi ilipigwa danadana. Jalada lilipotea, likapatikana, likapotea. Wakili wa serikali alikuwa na homa iliyompata kila siku ya kesi na kupona jioni yake. Jaji wa kwanza alipandishwa cheo, wa pili akastaafu, huyu wa sasa akataka waanze upya. Waliandika kuomba mahakama ikae chini, katika ukumbi wanakolipia watu faini, ili wasiburuzwe na ngazi. Msajili alijibu kwamba hadhi ya mahakama haiwezi kushushwa. Wakaendelea kupanda. Aliyekufa alikufa, aliyekata tamaa alibaki nyumbani, na waliosalia walibebana.

Kitu kimoja tu walikuwa nacho ambacho hawakupewa na mtu. Walipotaka kuamua jambo hawakunyoosha mikono, kwa sababu Mzee Simu asingeiona, na hawakusema ndiyo, kwa sababu Mchapaji asingesikia. Walikaa wote kwenye benchi moja na kugonga. Mmoja kwa gongo, mwingine kwa pete, mwingine kwa kisigino. Kipofu alisikia, kiziwi aliyakuta mapigo mwilini mwake. Na walikubaliana tangu mwanzo kwamba pigo la mmoja likikosekana, jambo limeanguka, awe ni nani.

Alipofika juu alikuta wenzake wameshajipanga, Dereva akijifuta jasho, Mzee Simu ameshikwa mkono na Mchapaji. Alifungua ule mpira wa kiunoni, akatoa hereni mkobani, akavaa. Alikuwa amezinunua kwa ajili ya siku hii.

Karani wa mahakama akatoka chumba cha jaji na kutangaza kwamba leo mahakama itakaa chini, ukumbi wa faini. Shahidi hawezi kupanda.

Hakuna aliyeelewa. Dereva aliuliza shahidi gani huyo, na karani akajibu kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida kabisa kwamba ni mheshimiwa Mkurugenzi, afya yake si nzuri, na viti vimeshahamishwa tangu asubuhi. Msajili mwenyewe ndiye aliyesimamia.

Wakashuka. Kushuka kwa makalio ni rahisi zaidi lakini huumiza uti wa mgongo, na kila ngazi Mama Masjala aliisikia hadi kwenye meno. Tangu asubuhi. Miaka yote ile hadhi haikushuka, kumbe ilikuwa inasubiri mtu wa kuishusha.

Alimwona kabla hajafika chini. Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ubavu mmoja umelala, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umewekwa mapajani na mtu mwingine. Kiharusi. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na leso, akimfuta mate. Suti ilikuwa ileile ya wakati ule, au ndugu yake.

Mama Masjala hakumwonea huruma. Aliona ameporwa. Mtu aliyemsubiri alikuwa mnene, mwenye kifua na saa, na sasa alikuwa ameletewa mabaki.

Mbele ya jaji mambo yalikwenda mbio kuliko yalivyowahi kwenda. Wakili wa Mkurugenzi, mzee mwenye sauti ya kanisani, alisimama na kueleza kwamba mteja wake si shahidi wa serikali tena. Baada ya kuugua, serikali ilimpima kwa Waraka wa Ufanisi, ikaona hawezi kufika kituo chake cha kazi bila kusaidiwa, ikamstaafisha kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, anaomba kuungana na walalamikaji.

Mzee Simu alicheka peke yake, kwa nguvu, na askari akamtaka anyamaze.

Jaji akawageukia. Walalamikaji wakikubali, kesi inaendelea. Wakipinga, hilo litakuwa shauri jingine ndani ya shauri, na la kwao litasubiri hadi liishe. Akawapa nafasi ya kujadiliana.

Walikusanyika kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la kulipia faini. Wakili wao alizungumza akiwaelekea, midomo wazi, ili Mchapaji amsome. Alisema huyu mtu ndiye aliyeuandika Waraka. Yuko tayari kula kiapo kwamba uliandikwa kwa makusudi, ili kuwaondoa, na kuwataja waliomwagiza. Hakuna ushahidi mwingine duniani unaoweza kuushinda huo. Kwa mara ya kwanza wanaweza kushinda, na kushinda upesi.

“Na yeye anataka nini?” Mama Masjala aliuliza.

Wakili alijishika vidole. “Mama yangu, mtu hawezi kuwa mwenzako na mshtakiwa wako kwa wakati mmoja. Vyote vinavyomhusu yeye binafsi vitolewe. Wameomba hasa... kile kiapo chako.”

“Kitolewe.”

“Kifutwe kwenye jalada. Kama hakikuwahi kuandikwa.”

Dereva aligonga wa kwanza, bila kusubiri kuulizwa. Alikuwa anafukuzwa kwenye nyumba ya serikali, vyombo vya mkewe vilishatolewa nje mara moja. Hakumtazama Mama Masjala. Mchapaji akagonga kwa pete, taratibu. Mzee Simu akasema kwamba angependa kumnyonga yule mtu kwa waya wa simu, lakini yeye ni mzee na angependa pia kula mafao yake kabla hayajaliwa na wajukuu wa jaji. Akagonga kwa fimbo. Wengine wakafuata hadi mwisho wa benchi.

Gongo la Mama Masjala lilikuwa kimya.

“Nipeni muda,” alisema, akanyanyuka.

Ukumbini walibaki wachache. Mkurugenzi alikuwa ameachwa karibu na nguzo na mkewe alikuwa akihangaika huku na huku. Alipomwona Mama Masjala alimjia mbio.

“Dada yangu, samahani, nisaidie kumwangalia. Amebanwa, na choo cha huku chini wamekigeuza stoo. Wanasema kipo juu. Natafuta wa kumbeba.”

“Nenda tu, dada. Mimi nipo.”

Alijiegemeza kwenye nguzo, ana kwa ana na yule mtu. Jicho lake moja lilikuwa zima. Alimwuliza kama anamfahamu. Mkurugenzi alimtazama usoni, akatazama magongo, akajitahidi. Mate yalimtoka.

“Ma... ma...”

“Mama wa wapi?”

Hakujua. Alitikisa kichwa kama mtoto aliyeulizwa hesabu darasani. Mama Masjala akamtajia idara, masjala, ngazi, siku ya jaribio, tambara. Alimtajia polepole, kila kitu, kile kiapo chote ambacho jaji asingekisikia. Mtu yule alitikisa kichwa tena. Hakuwa anakana. Hakukumbuka, na hakukumbuka kwa sababu wakati ule hakuona kitu cha kukumbuka.

Hapo ndipo chuki yake ilipopata mwili. Alitoa simu mkobani, akatafuta saa ya kuhesabia muda, akaiweka mbele ya lile jicho zima ili ione namba zinavyokimbia.

“Choo kiko juu, mheshimiwa,” alisema. “Na kwa huruma nimekuongezea kidogo.”

Mkurugenzi alielewa maneno, kama hakuelewa zaidi ya hapo. Mkono mzima ulishika gurudumu, kiti kikazunguka mahali pamoja. Askari wa mlangoni aliona, akasogea.

“Kuna shida, Mama?”

“Hakuna shida, mwanangu. Tunaongea mambo ya kazini.”

Askari alirudi mlangoni kwake. Namba ziliendelea kukimbia. Mtu yule aliomba kwa sauti isiyo na maneno, mdomo ukivutika, na Mama Masjala alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha suruali ya suti ikabadilika rangi kuanzia mapajani, na tone la kwanza likaanguka chini ya kiti. Raha ilimjaa kifuani. Ilikuwa raha ya kweli na hakuionea haya. Alizima saa, akarudisha simu mkobani.

“Nikuletee tambara?” aliuliza.

Akarudi kwenye benchi la nje, akakaa mahali pake, akagonga kwa gongo mara moja. Alijiambia kwamba wamelingana sasa. Wenzake walimshika mabega, na Dereva, mtu mzima, alilia.

Mahakama iliporudi, jaji aliliona lile dimbwi chini ya kiti. Kila mtu aliliona. Mama Masjala alisubiri kicheko. Alikuwa anakijua kinavyoanza, kwanza pua moja, halafu ukumbi mzima. Hakuna aliyecheka. Mawakili waliinamisha vichwa. Jaji alivua miwani, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msibani.

“Mahakama hii ina utu,” alisema. “Hatutakubali mtumishi wa umma adhalilishwe hivi.”

Aliamuru mheshimiwa asisumbuliwe tena kuja, wakili wake atamwakilisha na ushahidi wake utachukuliwa nyumbani kwake, kitandani. Kwa kuwa hatakuja, hakuna sababu ya mahakama kuendelea kukaa chini, tarehe ijayo watarudi juu. Alimpa mke wa mheshimiwa pole. Akamwamuru karani alisome shauri kama lilivyo sasa, ili liingie kwenye kumbukumbu.

Karani akasimama. Kwa itifaki, alieleza, mlalamikaji mwenye cheo kikubwa hutangulia. Akasoma kwa sauti: mheshimiwa Mkurugenzi na wenzake dhidi ya serikali.

Mama Masjala alijitafuta katika maneno yale na kujikuta kwenye “wenzake”.

Alimgeukia wakili wao. Wakili alikuwa anakusanya karatasi zake haraka kuliko zilivyohitaji. Itifaki, alinong'ona, ni jina tu, Mama yangu, haki ni ileile. Jambo lililobaki ni dogo, Mama atie saini kukubali kiapo chake kifutwe. Bila saini hiyo makubaliano hayapo. Inatiwa mbele ya msajili.

“Msajili yuko wapi?”

Wakili akatazama ngazi.

Nje, askari wanne walikibeba kiti cha mheshimiwa kama jeneza hadi kwenye gari. Mfagiaji alishafika na ndoo, akawa anapiga deki mahali pale na dawa ya kunukia. Mama Masjala alijifunga mpira wake kiunoni, akakaa kwenye ngazi ya chini, akaupa mgongo upande wa juu.

Alijisukuma hadi pale ngazi zinapokata kona. Wenzake walikuwa wamesimama chini wakimtazama, wameshikilia chuma cha ngazi, kile kirefu kinachoanzia mlangoni na kupanda bila kukatika hadi kwa msajili. Karani alitokea juu. Alijiegemeza kwenye chuma hichohicho, akapandisha mkono wa shati, akaangalia saa.

“Jitahidi, Mama,” alisema, na wala hakuwa na ubaya. “Msajili anafunga. Akifunga leo, makubaliano yenu yamekufa.”

Mama Masjala akaacha kujisukuma. Alimtazama yule kijana na saa yake. Kisha alichukua magongo yake, akayalaza kwa upana wa ngazi kutoka ukutani hadi kwenye chuma, akakaa katikati yake. Wakili mmoja aliyekuwa anashuka aliinua mguu ili aruke, akalitazama gongo lililolazwa mbele yake, akaurudisha mguu chini.

“Jamani,” Mama Masjala aliita chini, na akarudia kwa vidole ili Mchapaji aone. “Tumkatae mheshimiwa?”

Karani alimkumbusha saa. Mama Masjala aliweka kiganja kwenye chuma cha ngazi, akasubiri.

Fimbo ya Mzee Simu ilikuja kwanza, kali, bila kusita. Mama Masjala alilipokea pigo hadi kwenye kiwiko. Halafu pete ya Mchapaji. Halafu mmoja baada ya mwingine, visigino, magongo, kiganja kitupu cha mtu asiye na cha kugongea, hadi chuma chote kikawa kinatetemeka na karani akaondoa mkono wake.

Kisha kikatulia. Pigo moja lilikuwa bado. Dereva alikuwa amesimama chini kabisa kwa mguu wake mmoja, gongo limeinuliwa karibu na chuma, uso ameuinamisha. Juu, mlango wa msajili ulisikika ukivutwa. Mama Masjala hakumwita wala hakuondoa kiganja.